Mikono ya Kushoto ya Darasa la Sita

Kabla sijaanza, naomba ieleweke kwamba mimi naipenda nchi yangu. Nasema mapema kwa sababu kuna watu wana tabia ya kusoma huku wanakonyezana. Mimi ni karani wa Shule ya Msingi Ukamilifu, kazi nimeifanya miaka ishirini na mbili, na yote nitakayoeleza nimeyaona kwa macho yangu au nimeyapiga muhuri kwa mkono wangu. Nchi yenyewe sitaitaja jina. Iko mbali sana na kwenu, na mambo yake hayafanani hata kidogo na ya huko kwenu, kwa hiyo kaa utulie.

Mambo yalianza Waziri wetu wa Elimu alipokwenda ng'ambo kwenye mkutano wa siku tisa. Siku nane alizunguka madukani, maana mgeni mstaarabu huheshimu biashara ya wenyeji. Siku ya tisa mvua ilinyesha, akaingia ukumbini kujikinga, na humo akamkuta mtaalamu mmoja anaeleza kwamba watoto wa shule nao wana akili, na kwamba akili hiyo inaweza kuumia kama unavyoumia mguu. Waziri alishtuka sana. Alikuwa ameiongoza wizara miaka sita bila mtu yeyote kumdokezea jambo hilo.

Aliporudi alilihutubia taifa palepale uwanja wa ndege, mizigo haijashuka.

"Ndugu wananchi, tumechelewa!" alisema. "Wenzetu wanawafundisha watoto wao furaha darasani. Sisi tunawaacha wafurahi ovyo ovyo tu, bila mtaala! Natangaza kwamba ifikapo mwisho wa mwaka hakuna mwanafunzi atakayekuwa na huzuni katika nchi hii. Atakayekutwa nayo atueleze ameipata wapi na kwa kibali cha nani!"

Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa naangalia kwenye televisheni ya ofisini, nikapiga makofi peke yangu.

*

Kitabu cha somo kilifika baada ya wiki tatu. Sura ya kwanza ilifafanua kwamba huzuni ni hali ya mwanafunzi kutofuata ratiba. Sura ya pili ilitoa sababu arobaini za kuwa na furaha, nazo zilitakiwa kukaririwa kwa mfuatano. Mwanafunzi aliyeruka sababu ya kumi na saba, ambayo ni barabara za lami, alichapwa viboko viwili vya kumwondolea wasiwasi. Aliyelia aliongezwa cha tatu, kwa kwenda kinyume na lengo la somo.

Kila asubuhi mstarini palikuwa na zoezi la pumzi. Mwalimu Mkuu wetu, Bwana Shomvi, mtu mnene asiyeachana na filimbi yake, alipuliza mara moja watoto wavute pumzi, akapuliza tena waishikilie, akapuliza mara ya tatu waitoe. Jumatatu moja simu ya wilayani iliingia baada ya filimbi ya pili. Bwana Shomvi akapokea, akaanza kueleza habari za mradi wa vyoo. Watoto wetu wana nidhamu, wameambiwa washikilie, wakashikilia. Kumi na mmoja walianguka. Kwenye fomu niliandika kwamba wanafunzi kumi na mmoja wamefikia kiwango cha juu cha utulivu, na wilaya ikatupongeza kwa barua.

Fomu yenyewe iliitwa Fomu ya Nyoyo, nayo ilikuwa na kurasa kumi na nne. Wenzangu wa shule nyingine walijaza kurasa tatu za mwanzo wakapiga muhuri. Mimi sina tabia hiyo. Mimi fomu nikiishika naisoma mpaka chini kabisa, penye jina la mpiga chapa. Ukurasa wa kumi na nne ulikuwa na jambo la ajabu kidogo, lakini nilinyamaza, maana sikuulizwa.

Mwanafunzi aliyebainika kuwa na huzuni hakuadhibiwa, msituelewe vibaya. Alipelekwa Kituo cha Kurekebisha Nyuso, huko milimani, mwendo wa siku nzima kwa basi jeupe. Alikaa miezi mitatu, akarudi na cheti.

Nakijua kituo hicho kwa sababu binti yangu Raya amekipitia. Ana miaka kumi na mitatu. Zamani alikuwa mbishi, ukimwambia maji ni ya baridi atakwambia weka mkono tena. Mwaka jana rafiki yake alihama mji, akakaa wiki mbili hataki kula vizuri, nami kwa kufuata utaratibu nikajaza fomu. Alirudi amenyooka. Sasa anatabasamu wakati wote. Alichomwa sindano ya pepopunda anatabasamu, mpaka muuguzi akaomba abadilishane na mwenzake. Tulimzika mama yangu mzazi Raya anatabasamu, na majirani waliokuwa wameketi karibu yetu wakasogeza mikeka yao. Haruki kamba tena na habishi. Cheti chake nimekitundika sebuleni.

*

Sasa lazima nieleze habari ya mikono, maana ni utamaduni wetu na huko kwenu nadhani haupo.

Mgeni anapoingia darasani na kuuliza swali, wanafunzi wote huinua mikono, habaki hata mmoja. Anayejua jibu anainua wa kulia. Asiyejua anainua wa kushoto. Mwalimu anachagua wa kulia tu. Mgeni anaona darasa zima limejaa mikono, anasikia jibu sahihi, anaridhika, anaenda kula kuku wake. Kila aliyesoma katika nchi hii amelelewa hivyo, kuanzia Waziri mpaka mimi. Tumezeeka na mikono bado inakumbuka. Hata leo ukimuuliza bwana mkubwa yeyote swali asilolijua, mtazame bega la kushoto, utaliona linacheza.

Mwalimu wa Darasa la Sita alikuwa Siwema, mwanamke mwembamba, asiye na maneno mengi na asiyependa kupigiwa filimbi. Huyu alichukua utamaduni wetu akaufanyia mambo yake. Kila asubuhi kabla ya kufungua kitabu, alifunga mlango na kuwauliza wanafunzi wake arobaini na wanne:

"Mmeamkaje? Aliyeamka vizuri, kulia. Aliyeamka vibaya, kushoto. Msinieleze kwa nini. Ila mkono usidanganye."

Basi, ndiyo hivyo tu. Wa kushoto walikuwa wakimfuata saa ya mapumziko nyuma ya jiko la shule, wakamsaidia mpishi kuchambua maharage. Anayetaka kusema anasema, anayetaka kunyamaza anachambua.

Katika darasa hilo kulikuwa na msichana wa miaka kumi na mmoja, anaitwa Tunu. Mama yake alikwenda hospitali kwa miguu yake wiki ya pili ya muhula, akarudishwa kwenye gari amefunikwa shuka. Tangu siku hiyo Tunu hakusema neno. Alikaa dawati la mwisho anaparua rangi ya penseli kwa ukucha mpaka ibaki mti mtupu, kisha anachukua nyingine. Kila asubuhi aliinua mkono wa kushoto. Karibu wiki tano alichambua maharage bila kufungua mdomo.

Alhamisi ya wiki ya tano nilikwenda jikoni kuomba kaa la moto la kuwashia jiko langu la chai. Nikamsikia kwa masikio yangu, bila kutia chumvi.

"Mama alikuwa akipika anaimba," Tunu alisema. "Sasa bibi anapika kimya."

Mwalimu Siwema hakuruka wala hakumkumbatia. Alisogeza ungo karibu naye tu. Kiranja wa darasa, Riziki, msichana anayecheka mpaka anakera, naye akasema bila kuinua kichwa, "Kwetu baba anapiga kelele kutwa. Mimi ningependa kimya." Wakaendelea kuchambua.

Nilirudi ofisini na kaa langu likiwa limezimika. Mtoto amezungumza, na hapakuwa na filimbi wala sababu hata moja kati ya zile arobaini. Nikaona haifai jambo zuri namna hii lisijulikane. Fomu ya mwezi ina sehemu ya Mengineyo. Nikaandika kwa hati yangu bora: "Mwalimu Siwema wa Darasa la Sita hutumia mikono ya kushoto kutambua wanafunzi wenye huzuni. Ni wengi, lakini wanaendelea vizuri."

Wallahi nilidhani namtafutia cheo. Miaka ishirini na mbili nimejaza Mengineyo, na sijawahi kusikia mtu ameisoma. Safari hii ilisomwa.

*

Majibu yalikuja Ijumaa ya wiki iliyofuata, mstari mmoja: "Mkaguzi Mkuu wa Nyoyo atakagua Darasa la Sita siku ya Jumatano. Atakuja na basi."

Bwana Shomvi alisoma akaketi. Akasoma tena akasimama. Alimwita Mwalimu Siwema ofisini, akaniambia na mimi nibaki.

"Nani ameandika habari za darasa langu?" Siwema aliuliza.

"Mimi, Mwalimu. Nilikuwa nakusifu."

"Ungenisifu kwa mdomo, Bwana Karani."

"Hayo tuyaache," alisema Bwana Shomvi. "Mkaguzi ana swali moja tu, analiuliza nchi nzima. Anauliza, nani ana furaha? Asiyeinua mkono anapanda basi. Kwa hiyo kuanzia leo ni mazoezi. Wote wainue, na wote wa kulia. Imekwisha hiyo."

"Nimewaambia mkono usidanganye."

"Mwalimu, ni siku moja tu! Ni dakika moja!"

"Mwalimu Mkuu, mimi sikuwafundisha kitu kingine muhula huu," Siwema alisema. "Nikiwaambia Jumatano wadanganye, Alhamisi nitawauliza nini? Na Tunu hatainua hata nikimpigia magoti. Mtoto ndiyo kwanza ameanza kusema. Mkimpakia kwenye lile basi, basi tena."

Bwana Shomvi alinitazama mimi, kama vile mimi ndiye niliyetengeneza basi. Kwa kweli nilijisikia hivyo.

Jumanne alikuja bibi yake Tunu, Bi Mize. Alipiga hodi akabaki mlangoni mpaka nilipomvutia kiti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Raya hajambo?"

"Hajambo. Anatabasamu."

"Ndiyo hiyo niliyokuja kuuliza," alisema. "Wewe wa kwako alikwenda. Nieleze mimi mtu mzima mwenzio, huko wanawafanya nini?"

Nilifungua droo nikaifunga. "Wanawapa mafunzo, bibi. Wanarudi na cheti."

"Cheti sikukuuliza. Mama yake nimemzika juzi tu, udongo haujakauka. Huyu ndiye tunayelia naye. Wakimchukua wakanirudishia wa kutabasamu, mimi nitalia na nani?"

Nilitaka kumjibu kwa mujibu wa waraka. Waraka ulikuwa mezani, nimeushika, nikauona una maneno mengi sana na hakuna hata moja la kumpa yule bibi. Nikamwambia nitaangalia la kufanya. Aliondoka akisema ahsante, na ile ahsante iliniuma kuliko kama angenitukana.

*

Jumatano saa nne basi jeupe liliingia uwanjani. Ndani walikuwamo watoto kumi na tisa wa shule nyingine, wameketi wima, hawachungulii dirishani. Akashuka Mkaguzi Mkuu wa Nyoyo, Mheshimiwa Daktari Ngwali, mtu mrefu mwenye mkoba na tai nyekundu. Udaktari alitunukiwa na chuo cha ufugaji wa nyuki kwa kufungua semina yao.

Alipoingia Darasa la Sita watoto walisimama wakamwamkia. Mimi nilisimama pembeni na Fomu ya Nyoyo, kalamu na muhuri. Bwana Shomvi aliweka kikombe cha chai ya mgeni mezani. Siwema alisimama ukutani, mikono nyuma.

"Wanangu," alianza Mheshimiwa, "furaha ni rasilimali ya taifa! Tuna madini, tuna misitu, na tuna nyuso zenu. Mtu anayenuna analihujumu taifa kama anayekata nyaya za umeme. Nimepata taarifa ya uhakika, kutoka kwa mzalendo mmoja, kwamba katika darasa hili mkono wa kushoto unatumika kupitisha huzuni."

Sikumtazama mtu yeyote.

Mheshimiwa alitoa mkobani mabunda ya utepe wa rangi za bendera, akaamuru mkono wa kushoto wa kila mwanafunzi ufungwe kwenye dawati. Bwana Shomvi alizunguka anafunga, kijasho kinamtoka. Alikuwa skauti ujanani, na mafundo yake hayafunguki. Alipomfikia Tunu, mtoto alitoa mkono mwenyewe, kimya, kama anayepimwa nguo. Wote arobaini na wanne walipokwisha kufungwa, Mheshimiwa alivua koti.

"Kiongozi huonyesha mfano!" alisema, akaketi kwenye meza ya mwalimu na kunyoosha mkono wake wa kushoto. "Nami nifungwe. Tena kaza."

Bwana Shomvi alikaza.

"Sasa hatuna tena mlango wa nyuma," alisema Mheshimiwa. "Ama mkono wa kulia, ama basi. Nani ana furaha?"

Nilikuwa nimejiandaa kuhesabu. Nilidhani walau thelathini watainua, watoto ni watoto, na basi wanaliona dirishani. Nikasubiri. Nje injini ilikuwa inanguruma, dereva hakuizima. Hakuna mkono ulioinuka.

"Labda hamkunisikia," alisema Mheshimiwa. "Nani ana furaha?"

Katika dawati la mbele Riziki alikuwa anacheka, mabega yanatikisika.

"Wewe kiranja! Unacheka halafu huinui mkono?"

"Mheshimiwa, mimi nikiogopa nacheka," alisema Riziki, na machozi yakamtoka hukohuko ndani ya kicheko.

Mheshimiwa aligeuza shingo, akatazama mpaka nyuma kabisa. "Na wewe wa mwisho, mwenye penseli. Jina?"

Siwema aliachana na ukuta akapiga hatua moja.

"Tunu," alisema Tunu. Ilikuwa mara ya kwanza mimi kumsikia anajitaja.

"Tunu, una furaha?"

"Leo hapana."

"Jana je?"

Alifikiri. Alifikiri kweli, kama mtu aliyeulizwa swali na mtu anayetaka jibu. "Jana nilikuwa nayo kidogo," alisema. "Tulichambua maharage."

Mheshimiwa alifumba macho, kisha akayafumbua. "Karani, andika. Darasa zima, arobaini na wanne, wamebainika. Waingizwe basini."

"Basi lina nafasi saba tu zilizobaki, Mheshimiwa," alisema Bwana Shomvi kwa sauti ndogo.

"Watabanana. Hawana raha hata wakiwa wamekaa kwa nafasi! Andika, Karani."

Niliandika. Hati yangu ni nzuri, kila mtu anasema. Niliandika jina la kwanza, la pili, la kumi. Nilipofika jina la Tunu nikamkumbuka Raya siku anapanda basi hilohilo. Alinibishia mpaka mlangoni, akaniambia, "Baba, mimi siumwi, nimemkumbuka rafiki yangu tu," nami nikamwambia fomu imeshapigwa muhuri. Yalikuwa maneno yake ya mwisho ya kunibishia. Kalamu ilisimama. Nilijichukia pale, mbele ya darasa, na sioni aibu kusema hivyo.

"Mheshimiwa," nilisema, "umebaki ukurasa wa kumi na nne."

"Ukurasa gani?"

"Wa kumi na nne. Bila huo siwezi kupiga muhuri." Nikasoma: "Mkaguzi atathibitisha furaha yake mwenyewe kwa kuinua mkono mbele ya shahidi. Mkaguzi asiyethibitisha ataungana na waliobainika."

"Nani ameandika upuuzi huo?"

"Sahihi ni yako, Mheshimiwa."

Alinyoosha shingo kuiangalia sahihi. Ilikuwa yake, kubwa, na mkia mrefu. Bwana Shomvi alikuwa ananifanyia ishara kwa macho ninyamaze, nina familia. Ndiyo hiyo familia niliyokuwa naifikiria.

"Shahidi ni karani wa shule," niliendelea. "Kwa hiyo nauliza. Mheshimiwa Daktari Ngwali, una furaha?"

Meza iliruka.

Sisi tuliolelewa nchi hii hatukuhitaji kuelezwa. Bega la kushoto lilikuwa limepanda lenyewe, utepe ukakaza, meza ikavutwa, kikombe kikalala na chai yote ikamwagika juu ya Fomu ya Nyoyo, juu ya majina yangu yote mazuri. Mheshimiwa aliutazama mkono wake kana kwamba umemsema vibaya hadharani. Watoto arobaini na wanne waliutazama pia. Hakuna aliyecheka, hata Riziki.

Akajaribu wa kulia. Ulipanda taratibu, ukapita tumbo, ukafika kwenye tai, ukaishika tai, ukabaki hapo.

Basi liliendelea kunguruma. Mheshimiwa aliligeukia dirishani, akaiona milango yake imefunguliwa, akaona na wale kumi na tisa walivyoketi. Aliporudisha uso alikuwa amezeeka.

"Karani," alisema taratibu, "hiyo fomu inasomeka?"

"Imelowa chai, Mheshimiwa. Haisomeki."

"Kama haisomeki, darasa limekaguliwa?"

"Halikukaguliwa, Mheshimiwa."

"Kwa nini halikukaguliwa?"

"Kwa sababu halikuwepo shuleni."

Alilitazama darasa, nalo likamtazama. "Lilikwenda wapi?"

"Ziara ya mafunzo," alidakia Bwana Shomvi, ambaye siku zote hujua wakati wa kuwa jasiri. "Mbali, Mheshimiwa. Mbali sana!"

"Litarudi lini?"

"Haijulikani," nilisema.

"Basi andika hivyo."

Nikaandika hivyo, nikapiga muhuri mbele ya watoto arobaini na wanne ambao hawakuwepo.

Fundo la skauti lilimshinda Bwana Shomvi mwenyewe. Mwisho Siwema alikuja na kisu cha jikoni akazikata tepe za watoto, kisha ule wa Mheshimiwa. Nilikuwa karibu, nikamsikia anamwambia Mheshimiwa kwa sauti ya chini, "Nyuma ya jiko kuna maharage, ukipata nafasi." Mheshimiwa alivaa koti, mkono wa kushoto ukakataa kuingia, akaenda hivyohivyo, koti linaning'inia upande mmoja.

Basi liliondoka na wale kumi na tisa. Hao sikuwasaidia, na sijasikia mtu aliyewasaidia. Siwema alisimama getini akawapungia mpaka vumbi likatulia, kisha akaniuliza wanatoka shule gani. Sikujua. Nilikuwa sijawahi kuuliza.

*

Kwa mujibu wa kumbukumbu za nchi yetu, Darasa la Sita la Ukamilifu bado liko ziarani. Kwa hiyo haliletewi kitabu cha sababu arobaini, halipigiwi filimbi, na halimo kwenye hesabu ya waliofikia kiwango cha juu cha utulivu. Mheshimiwa amepandishwa cheo, yuko Idara ya Mbolea. Waziri yuko ng'ambo tena, na tunaomba huko mvua isinyeshe.

Bi Mize aliniletea mhogo wa kuchemsha. Nilimwambia ukweli kuhusu Raya, wote, pale mlangoni, na alinisikiliza bila kunikatiza. Nikakiondoa cheti ukutani. Asubuhi moja nikampa Raya uji usio na sukari makusudi, nikamwambia ni mtamu sana. Alitabasamu, akanywa, akaweka kikombe chini. Halafu akanitazama muda mrefu, na paji lake la uso likakunjana kidogo sana. Sijaandika popote kuhusu hilo.

Siku ileile nilikuwa nakatiza veranda na mafaili yangu, nikapita kwenye dirisha la Darasa la Sita. Siwema alikuwa anauliza swali lake. Mikono ilikuwa juu, mingine kulia, mingine kushoto. Tunu aliinua wa kulia, akaushusha nusu, akainua na wa kushoto, akabaki na yote miwili hewani hajaamua. Mwalimu alimwitikia kwa kichwa kwamba inaruhusiwa.

Ndipo Tunu akaniona dirishani.

"Na Bwana Karani?" aliuliza. "Ameamkaje?"

Darasa zima liligeuka. Mafaili nilikuwa nimeyabeba kwa mkono wa kushoto. Nikayaweka chini.